Watengeneza mifumo tukutane hapa: namba ya simu, NIDA, majina na saa ndivyo vinavyotukesha

Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Nimesoma nyuzi nyingi za vijana wanaouliza waanze na lugha gani ya programu, PHP, Python au JavaScript, na kila mwamba ngozi anavutia kwake. Sina ugomvi na swali hilo. Ila nimetengeneza mifumo ya zahanati, SACCOS, shule na maduka ya jumla kwa muda wa kutosha kuona kwamba watu hawakwami kwenye lugha. Tunakwama kwenye namba ya simu. Tunakwama kwenye jina la mtu, kitambulisho chake na saa aliyofika. Mteja anavitaja kwa pumzi moja, "weka jina, simu, NIDA na tarehe, basi", na ndivyo vinavyokuamsha saa 9 usiku.

Nianze na simu. Ukiweka safu ya simu kama namba kamili, yaani aina ya data ya kuhesabia isiyo na desimali, sifuri ya mbele inaondoka palepale, 0754 inabaki 754. Halafu mhudumu mmoja wa mapokezi anaandika kwa kuanza na sifuri, mwenzake anaanza na +255, wa tatu anaanza na 255 bila alama na kuacha nafasi katikati. Mgonjwa mmoja anakuwa na mafaili matatu. Onyo kwamba mwili wake unaikataa dawa fulani liko kwenye faili ambalo daktari hakulifungua. Ndiyo maana sipendi jambo hili linapoitwa dogo. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, kwa hiyo ihifadhi kama maandishi, na uigeuze kuwa umbo moja linaloanza na +255 kabla haijaingia kwenye hifadhidata.

Na acheni kutambua mtandao kwa tarakimu za mwanzo. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaruhusiwa kuhama mtandao akabaki na namba yake. Bado nakuta mifumo inayosema 075 ni kampuni hii, 071 ni ile, inapeleka ombi la malipo kusikohusika. Mteja anasubiri ujumbe wa kuweka namba ya siri, haufiki, na anaambiwa simu yake ndiyo mbovu.

Sasa kitambulisho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Namba kamili ya biti 64, ambayo wengi tunaiona kubwa kuliko mahitaji yoyote, inaishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Hata ukiziacha namba hasi ukaanzia sifuri, kikomo ni 18,446,744,073,709,551,615. Mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya mwaka 2000 namba yake inaanza na 19, kwa hiyo imeshapita. Waliozaliwa baada ya hapo wanaanza na 20, ndiyo kabisa. JavaScript yenyewe haikuhakikishii usahihi ukivuka 9,007,199,254,740,991. Excel inatunza tarakimu 15 za mwanzo tu, zinazofuata inaziandika sifuri. Ofisi inakutumia orodha ya wanachama, unaona 1.98E+19, yaani namba iliyofupishwa, unapanua safu, unakuta kila mwanachama NIDA yake inaishia na sifuri tano. Hizo tano hakuna fomula inayozirudisha. Mtu anakaa chini na fomu za karatasi anaandika upya.

Majina na saa nimewaachia makusudi. Karibuni.

Mchangiaji, Nairobi

Asante kwa uzi, kaka. Hilo la simu huku kwetu limetuumiza kwa namna yake. Kwa miaka mingi kila namba ya mkononi Kenya ilianza na 07, na watu wakaandika sheria hiyo ndani ya fomu: isiyoanza na 07, ikatae. Mwaka 2019 zikaanza kutolewa namba za 01. Mtu amenunua laini halali, ameisajili kwa kitambulisho chake, anafika kwenye fomu ya mkopo anaambiwa namba si sahihi. Mpaka leo nakutana na fomu za hivyo. Ukitaka kujua kama namba inafanya kazi, ipelekee SMS yenye tarakimu za uthibitisho. Jinsi namba inavyoonekana haikwambii kama ipo hewani.

Majina sasa. Huku tuna kina Ng'ang'a, King'ori, Kang'ethe, Nyang'au. Katika SQL, lugha ya kuipa hifadhidata amri, ritifaa (hiyo alama ' ya kwenye ng') ndiyo inayofunga maandishi, kwa hiyo ukiunga amri kwa kubandika jina katikati, amri inakatika hapo kwenye ritifaa na mfumo unatoa kosa. Fundi akiona hivyo mara nyingi anachukua njia ya mkato: anaipiga marufuku ritifaa. Mtoto anaandikwa Nganga kwenye mfumo wa shule, cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'ang'a, na wakati wa usajili wa mtihani majina hayalingani. Mzazi anapoteza siku ya kazi kuzunguka ofisini kwa sababu ya herufi ambayo mtoto alizaliwa nayo.

Cha kutisha zaidi, wakuu, ni hiki. Kama jina la Ng'ang'a linavunja amri yako, basi mwizi wa data naye anaingia kwa njia hiyohiyo. Anachohitaji ni ritifaa moja na maneno machache baada yake. Kuizuia kwenye fomu hakumzuii, kwa sababu yeye hapiti kwenye fomu. Tenganisha amri na data: amri inatangulia na nafasi zilizoachwa wazi, data inafuata peke yake. Kila maktaba ya hifadhidata ya leo inaruhusu hilo, halina gharama.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu wa Nairobi umenigusa, maana Usukumani ritifaa ni chakula cha kila siku. Mimi niongeze upande wa SMS, ambako ritifaa inakula hela.

SMS ya kawaida ina nafasi 160 kwa sababu inatumia jedwali dogo la herufi la GSM. Kiswahili chote kinaenea humo, pamoja na ritifaa iliyonyooka. Tatizo linaanza pale katibu wa chama anapoandaa tangazo kwenye Word au kwenye simu yake kisha kulibandika kwenye mfumo. Word inageuza ritifaa kuwa ile iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye jedwali la GSM. Ikiwepo moja tu, ujumbe mzima unahamia Unicode, jedwali kubwa la herufi za lugha zote, na nafasi zinashuka hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Tangazo la herufi 150 kuhusu chanjo ya ng'ombe, lililopaswa kulipiwa kama SMS moja, linalipiwa kama tatu. Zidisha kwa wafugaji wote wa chama. Salio linakwisha kabla orodha haijafika nusu, na viongozi wanaanza kumtazama mtu wa mfumo kwa jicho la wizi.

Dawa yake ni mistari michache: kabla ya kutuma, nyoosha ritifaa na alama za kunukuu zilizopinda, geuza kistari kirefu kuwa kifupi, kisha mwonyeshe mwandishi ujumbe wake utakatwa vipande vingapi.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Acha mimi nichukue saa.

Abiria wetu anasema safari ni saa 2 asubuhi. Akikuta orodha ya kuchagua kuanzia 00:00 mpaka 23:00, anachagua 02:00, kwa sababu ameona 2. Tiketi inatoka ya saa 8 usiku. Kumwambia hajui kusoma saa ni dhuluma. Anaijua saa vizuri sana, mfumo ndio haukuulizwa unamhudumia nani. Siku hizi naandika zote mbili pamoja kwenye kitufe kimoja, "saa 2 asubuhi, 08:00", na ugomvi wa namna hiyo umepungua mno.

La pili ni seva. Seva nyingi zinatembea kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, nasi tuko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Ukiomba "mauzo ya leo" kwa siku ya seva, yote yaliyouzwa kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku yanahesabiwa jana. Kwa duka linalofungwa Isha huwezi kuona kasoro hiyo. Ngoja Ramadhani ifike, watu wanauza chakula mpaka karibu na daku, hapo ndipo keshia anaambiwa fedha zake hazilingani na ripoti. Mtu mwaminifu anahojiwa kama mwizi kwa sababu ya mstari mmoja wa msimbo, yaani maandishi ya programu.

Na msiongeze 3 kwa mkono. Hifadhini UTC, onyesheni kwa kutaja eneo, Africa/Dar_es_Salaam. Tuna jamaa Muscat wanaolipia wazee wao huku, kule wametutangulia saa moja. London ndiyo kabisa, inasogeza saa mara mbili kwa mwaka.

Mchangiaji, mapokezi zahanati

Samahani jamani, mimi si mtu wa IT, nimeingia kwa sababu mmetaja mapokezi.

Mfumo wetu unalazimisha barua pepe. Wagonjwa wetu wengi hawana. Foleni imefika mlangoni, mtoto analia, kitufe cha kuhifadhi hakibonyezeki. Tunaandika barua pepe ya uongo, ileile kwa kila mtu, ili tuendelee. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Bibi anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa, mfumo unataka siku na mwezi. Tunaweka 1 Januari. Baadaye mtu wa takwimu anakuja kutuuliza kwa nini tuna wazee wengi waliozaliwa 1 Januari.

Pia ukikaa kidogo bila kugusa kompyuta inakutoa nje na ulichoandika kinapotea. Ninapompima mgonjwa presha nakuwa sigusi kompyuta. Mfumo ulipoletwa tulipewa semina ya kuutumia. Kabla ya hapo hakuna aliyekuja kukaa nasi kuona tunavyofanya kazi.

Mleta uzi

Dada wa mapokezi, nashukuru sana umeandika. Ulichosema wewe ndicho kilichonifanya nianzishe uzi, na umekisema vizuri kuliko mimi.

Wakuu, kila sehemu tuliyoilazimisha bila sababu inajazwa uongo, na uongo huo unaingia kwenye hifadhidata ukiwa umevaa nguo za data halali. Afadhali nafasi tupu, maana tupu inakwambia hatujui. Kwa umri, wekeni uchaguzi wa mwaka wa makadirio, na mfumo ukumbuke kwamba ni makadirio. Kwa kumtoa mtu nje, usalama ni wa lazima kwenye taarifa za wagonjwa, ila hifadhini rasimu ya alichoandika, akirudi na nywila aikute. Na kabla ya kuandika chochote, kaa nyuma ya kaunta siku ya foleni kubwa, Jumatatu asubuhi. Mkurugenzi atakueleza kazi inavyotakiwa kwenda. Kaunta itakuonyesha inavyokwenda.

Niongeze malipo ya simu, maana hapo ndipo watu wanagombana uso kwa uso. Mteja ameweka namba ya siri, amepokea ujumbe kwamba amelipa, mfumo wako unasema hajalipa. Mara nyingi hakuna mwizi. Taarifa ya kuthibitisha inasafiri kutoka mtandao wa simu kuja kwenye seva yako, na njiani inaweza kuchelewa, kupotea, au kufika mara mbili. Ikipotea, mteja anaonekana mdaiwa. Ikifika mara mbili na mfumo ukaihesabu mara mbili, SACCOS inampa mtu akiba ambayo hakuweka. Kwa hiyo namba ya muamala iwe ya kipekee ndani ya hifadhidata yenyewe, ili ya pili ikataliwe hata kama msimbo umesahau. Na usikae kusubiri taarifa tu. Muamala usiojulikana hatima yake baada ya dakika chache, uliza mwenyewe hali yake. Usimwambie mteja "imeshindikana" kama hujui, mwambie "tunahakiki, usilipe tena".

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikayumba ukanda mzima. Zahanati ambazo mfumo wake wote uko kwenye seva ya Ulaya zilirudi kwenye daftari. Kazi ya mapokezi lazima iweze kwenda kwenye kompyuta ya pale pale kwanza, mtandao ukirudi ndipo ipandishwe.

Mchangiaji, mwanafunzi Dodoma

Shikamooni wakubwa. Swali langu: haya yote nayaelewa, lakini mteja anakwambia "ni kitu kidogo tu, kijana", anataka kwa laki tatu na wiki mbili. Nikimweleza habari za ritifaa anaona namzungusha. Nifanyeje?

Mchangiaji, Arusha

Marahaba kijana. Mimi napingana kidogo na wakubwa hapo juu. Ukijaribu kutatua kila kitu kabla ya kuanza, hutamaliza, na mteja ataondoka. Nimeona mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi uliotengenezewa sarafu sita na lugha nne, huku ripoti ya stoo, ambayo ndiyo mwenye duka aliyoihitaji, haijaguswa. Anza na kinachomuumiza mteja leo.

Mleta uzi

Mkuu wa Arusha, nakubali kwenye sarafu sita. Ila kuna vitu ukivikosea mwanzoni huwezi kuvirudisha, na kuna vitu unaweza kubadili wakati wowote. Ripoti, rangi, vitufe, lugha ya pili, hivyo vinasubiri. NIDA iliyokatwa tarakimu haisubiri. Muda uliohifadhiwa bila kujulikana ni wa eneo gani hausubiri. Fedha zilizohifadhiwa kwa desimali za kompyuta hazisubiri, maana kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Shilingi zihifadhiwe kama namba kamili, na mapema muamue salio linakwenda wapi. Gawio la 100,000 kwa wanachama 3 ni 33,333 kila mmoja na shilingi 1 inabaki. Mwezi wa kwanza haionekani. Mwisho wa mwaka mkaguzi anaikuta.

Kijana wa Dodoma, usimweleze mteja ritifaa. Muulize maswali ya kazi yake. Mtu akilipa mara mbili mnafanyaje leo? Mwanachama akibadili simu? Bei ya serikali ikibadilika katikati ya mwezi? Hapo atajieleza mwenyewe mpaka aone kwamba si kitu kidogo. Tozo ya miamala ya simu ni mfano mzuri kwake: ilianza Julai 2021, Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, bajeti ya 2022/23 ikaishusha tena. Waliokuwa wameandika viwango ndani ya msimbo walirudi kufungua msimbo kila mara. Waliokuwa na jedwali la viwango lenye tarehe ya kuanza waliongeza mstari mmoja.

Mchangiaji, Nairobi

Hapo kwenye tarehe ya kuanza nakuunga mkono kabisa. VAT yetu ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo unaobadilisha kiwango bila kukumbuka cha zamani unachapisha upya risiti ya Novemba kwa kiwango cha Januari, na hiyo ni kesi na watu wa kodi.

Mchangiaji, Goma

Jambo sana ndugu zetu. Kwetu Congo mfumo wa fedha moja haufanyi kazi. Mtu analipa bei ya dola kwa faranga, anarudishiwa chenji kwa mchanganyiko, na kila duka lina kiwango chake cha siku. Andikeni kila muamala na fedha iliyotumika pamoja na kiwango cha wakati ule. Ukihifadhi jumla tu ya dola, jioni keshia hawezi kuonyesha faranga zake zimetoka wapi. Na nchi ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu sisi wa Goma kwa saa moja. Ripoti ya taifa lazima iseme ni siku ya wapi.

Mchangiaji, mwanafunzi Dodoma

Asanteni sana. La mwisho: mfumo wa SACCOS ninaoutengeneza unachukua nakala rudufu kila usiku, naona faili limeandikwa. Hapo niko salama?

Mleta uzi

Bado. Faili kuwepo na faili kurejesheka ni mambo mawili. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, watu ambao kazi yao ni kutunza msimbo wa wengine, mhandisi wao alifuta data ya hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Njia zao za bekapu zikakutwa hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Walichookolea ni nakala iliyochukuliwa saa 6 nyuma kwa shughuli nyingine. Kila kilichoingia kwenye hifadhidata ndani ya saa hizo kilipotea, na nawaheshimu kwa sababu walieleza hadharani kila hatua.

Kwako wewe: nakala moja isikae kwenye kompyuta ileile wala jengo lilelile, kwa sababu umeme ukirudi vibaya unaunguza vyote kwa pamoja. Angalia ukubwa wa faili pia, faili linaweza kuandikwa kila usiku likiwa tupu. Kisha wiki hii chukua nakala ya jana, irejeshe kwenye kompyuta nyingine isiyo na kitu, mwite mhasibu wa SACCOS alinganishe salio la wanachama kadhaa na daftari lake. Pima imechukua muda gani, na mwambie mwenyekiti muda huo, ili siku ikitokea ajue wanachama watasubiri kiasi gani. Ukikwama hatua yoyote, weka ujumbe wa kosa hapa, nitaangalia uzi kesho asubuhi.